Meno ya Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Juni

Mheshimiwa hali. Tangu juzi hali chochote! Nimempa minofu ya sato bila mwiba. Ameinusa, akageuka. Nimempa yai la kuchemsha. Amelitazama kama karani anavyotazama fomu isiyo na muhuri.

Sababu ni meno. Yamerefuka hadi yamefunga mlango wa mdomo. Samaki wa namna yake, ambaye Mwantum wa duka la viungo anamwita bunju, ana meno kama mdomo wa kasuku na hayaachi kuota. Wavuvi wa Kirando, kule ziwani, walitaka kumtupa. Mimi nikaona mbali. Nikamleta Sumbawanga kwenye ndoo, nikamweka kwenye tangi la kioo katika saluni yangu hapa Mazwi. Akikasirika anavimba tumbo, ndiyo maana nikamwita Mheshimiwa. Watu wanakuja kumtazama, wanatoka wamenyolewa.

Mke wangu Cornelia anasema kosa ni langu. Eti kule ziwani alikuwa akitafuna konokono na magamba yake, meno yakisagika yenyewe, na mimi nimemlisha laini kama bibi harusi. Nimemjibu kwamba mgeni halishwi konokono nyumbani kwangu.

Teodori, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ameshasikia. Tangu aninyang'anye wateja kwa ile televisheni yake kubwa, ana masikio kila mahali. Amewaambia watu samaki wangu anakenua kama marehemu. Tutaona nani marehemu.

Jumanne, 4 Juni

Mpango mkubwa. Jiwe la kunolea visu! Nimelifunga kamba, nikalitundika ndani ya tangi. Atalitafuna, meno yatapungua, kwisha.

Jioni: hajaligusa. Amejificha nyuma yake kujikinga na baridi. Kipupwe cha mwaka huu hakina adabu. Nimemwongezea maji ya vuguvugu kikombe kwa kikombe.

Teodori amekuja kuazima poda. Kinyozi gani hana poda? Amekuja kupeleleza. Nimefunika tangi kwa taulo, nikasema Mheshimiwa amepumzika. Akasema pole. Hiyo pole sijaipenda.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda Milanzi alfajiri na buti za mvua, nikaokota konokono mtaroni. Cornelia asijue! Nimerudi na kopo limejaa. Nikawamimina wote tangini.

Mheshimiwa amewaona. Amesogea. Amejaribu, maskini. Mdomo haufunguki vya kutosha hata kumshika mmoja. Amegonga gamba kwa pua, akarudi kona yake. Hapo nikafuta macho kwa taulo. Vumbi.

Konokono nao hawakukaa. Wamepanda kioo cha tangi, wamevuka ukuta, wamefika kwenye kioo cha kunyolea. Mzee Loth, mwalimu mstaafu, nilikuwa nimemnyoa nusu ya kichwa alipohisi ubaridi ndani ya kola. Aliinuka na shuka shingoni. Nikamwambia shikamoo mara mbili, sijui kwa nini. Amekwenda kumaliziwa nusu ya pili kwa Teodori! Na shuka langu hajarudisha.

Cornelia aliwaokota mmoja mmoja, akiwarudisha koponi na kuwahesabu kwa sauti. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeamua kutumia nguvu. Tupa ya kucha mkono wa kulia, kidole cha kushoto cha kumtuliza.

Amevimba. Kisha ameuma kidole. Mdomo haufunguki kwa chakula, lakini kwa kidole changu ulifunguka! Kwa kelele nilizopiga, bodaboda wa kijiweni walikuja mbio. Teodori amewaambia wateja wake ni mbuzi anachinjwa.

Mwantum amenifunga kitambaa. Akaniuliza mbona simlazi samaki usingizi kwanza, kwa mafuta ya karafuu, yale tunayopaka jino likiuma. Nikasema huo ni ushirikina wa pwani. Nikaenda duka la dawa za mifugo kumuuliza Sharon, mtaalamu wa pale, ili amsute Mwantum. Sharon kasema ndivyo hasa: matone machache kwenye beseni, akilegea umfunge kitambaa chenye maji, umkate ncha za meno upesi, umrudishe kwenye maji safi. Usimtoe nje ya maji, akimeza hewa atavimba nayo na anaweza kufa. Na usichelewe.

Nimeandika hapa kwamba wazo ni langu. Nilikuwa nakaribia kulifikia.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nimemkuta chini kabisa. Tumbo limeingia ndani. Macho yale yanayozunguka kila upande hayakunifuata. Nimefunga saluni.

Beseni tayari. Karafuu tayari. Amelegea kama alivyosema Sharon. Cornelia akamshika ndani ya maji kwa kitambaa, taratibu, kama anayeogesha mtoto. Mimi nikachukua kikata kucha. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Sikuogopa! Ni baridi. Wa kushoto una bandeji. Nimejaribu, nimekata kitambaa.

Cornelia akasema aitwe Teodori, mkono wake hautikisiki. Nikasema labda nife.

Akanitazama. “Gaudensi, leo kitakufa kimoja. Samaki au kiburi chako. Chagua, mimi mikono inaganda.”

Nikasema nipewe muda nifikiri. Hakunipa. Aliita kwa sauti moja tu, na ng'ambo televisheni ikazimwa.

Teodori amekuja na mkasi wake mwembamba, ule wa masharubu. Hakucheka. Niliandaa majibu saba ya kicheko chake, yote yameharibika. Akapiga magoti kando ya beseni, akasema, “Jirani, niwashie taa ya simu.” Nikawasha. Kata. Kata. Kipande kimoja kikarukia kikombe changu cha chai.

Tukamweka kwenye maji safi. Hakusogea.

Tulikaa. Cornelia akaanza Salamu Maria. Teodori akavua kofia, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Nikaingiza mkono, nikawa nampitishia maji mdomoni, nikimsukuma mbele, mbele, nikimwambia Mheshimiwa acha utani, una watu wanakungoja. Teodori naye akaingiza mkono. Tulikuwa tunagongana vidole.

Kisha shavu likapanda. Likashuka. Likapanda tena.

Nimemkumbatia Teodori. Ilikuwa ajali, nilikuwa nafuata taulo.

Jumapili, 9 Juni

Amekula! Konokono mzima na gamba lake, kraa! Sauti imesikika hadi mlangoni. Saluni imejaa watu waliotoka misani.

Lakini Teodori amesimama nje ya kanisa akisimulia jinsi alivyomwokoa samaki. Yeye! Nimemrekebisha mbele ya watu. Nimesema operesheni iliongozwa na mimi, na aliyeshika taa ndiye aliyeona kila kitu. Yeye alikuwa mkasi. Mkasi hausimulii.

Cornelia amempelekea Teodori kuku. Kuku wangu.

Jumatano, 12 Juni

Nimemkodi mchoraji. Bango linapendeza: GAUDENSI, KUNYOA NA MENO YA WANYAMA WOTE. Sharon amepita, akalisoma, akaniuliza wote kabisa? Nikamwambia elimu ni moja, tofauti ni ukubwa wa mkasi. Akaondoka akishika paji la uso. Wivu wa kitaaluma.

Teodori ameomba tushirikiane. Nimekataa. Kila mtu ale kwa ujuzi wake.

Na mteja wa kwanza kaja leo hii! Dominiko, mkulima wa Milanzi, ana punda ambaye meno yamemzidi, mahindi yanamdondoka. Nikamuuliza kama mwalimu: anauma? Akasema hapana, huyu hajawahi kuuma mtu. Anapiga mateke tu.

Nimekubali papo hapo. Kesho asubuhi. Nitasimama nyuma, mbali na mdomo.