Mtunza Siri wa Zahanati ya Sadallah

Jumatatu, 3 Machi 1997
Alhamdulillahi, kazi! Tangu shirika litupunguze, mwaka wa pili huu nakaa barazani. Leo Bwana Sadallah, mwenye zahanati ya binafsi hapa Kibiti, kapata barua ya wilaya: siri za wagonjwa zitunzwe. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Atakayeshindwa atafungiwa. Nikamwambia nimekaa masjala miaka kumi na moja, siri ndiyo kazi yangu. Kanipa wiki ya majaribio. Huseni, karani wa kadi, akacheka. Atajua!

Jumanne, 4 Machi
Nimeona kwa macho yangu. Huseni dirishani, sauti ya mnadi: "Rukaya wa Nyamisati! Dawa za kifua kikuu!" Benchi zima likasogea. Dada wa watu kajifunika kanga usoni, kaondoka bila dawa. Roho iliniuma. Nesi Warda akasema dozi ikikatika ni hatari, atamfuata mwenyewe hadi Nyamisati. Mimi nimefanya la maana zaidi: nimekata majina kwenye kadi zote kwa wembe, nikaandika namba. Kadi mia mbili na kumi na nne! Namba ipi ni ya nani, sikuandika popote. Iko kichwani. Nani ataiiba?

Jumatano, 5 Machi
Kichwani zimebaki kama thelathini. Mzee Haidari, mgonjwa wa presha, kapewa kadi ya wajawazito. Mkunga, bila kuinua macho, kauliza mtoto ameanza kucheza lini. Mzee kajibu kuwa wa mwisho anacheza beki, timu ya Ikwiriri. Nesi Warda hakucheka. Kaniambia sindano ya mtu ikienda kwa mwingine, maiti hiyo itakuwa yangu. Kasimamisha matibabu. Watu wamerudi makwao na homa zao. Nimeumia, lakini sikati tamaa. Nina mpango.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeazima kipaza sauti cha banda la video, nimezunguka mji kwa baiskeli. Jina sikutaja hata moja! Nilisema tu: mwuza mchele uliyetibiwa kisonono, njoo utambue kadi yako, mwalimu mwenye bawasiri, nawe pia. Hawakuja. Aliyekuja ni mke wa mwuza mchele, na mwiko mkononi. Nilijificha stoo.

Mwishowe Huseni kaketi chumbani na Nesi Warda, mlango umefungwa, katambua kadi zote kwa tarehe na ugonjwa. Mbea yule, mji mzima anao kichwani! Majina yamerudi, kadi zimefungiwa kabatini. Hata hivyo njia niliifungua mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi, Bibi Mwanaidi, kafika saa tatu. Kakagua kabati, kufuli, pazia jipya la chumba cha dawa. Karidhika! Kauliza mabadiliko haya yametokana na nini. Bwana Sadallah kanikonyeza ninyamaze. Nani anyamaze siku yake? Nikaeleza kwa sauti kamili: kuna dada mmoja, Rukaya wa Nyamisati, ana kifua kikuu, aliaibishwa hapa hapa.

Pazia likafunguka. Rukaya huyo! Nesi Warda alikuwa kamrudisha asubuhi, kwa mlango wa nyuma.

"Kaka Abdulkarimu," akasema, "umesahau jina la baba yangu. Ni Mtoro. Litangaze nalo."

Hakujifunika uso. Alimeza dawa zake mbele yetu sote, akamwambia Nesi Warda atarudi kesho, akatoka. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi Mwanaidi kaipa zahanati mwezi mmoja ijirekebishe, kwa sharti moja: mimi niondoke. Ufunguo wa kabati kapewa Huseni. Huseni!

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: Kibiti ni mji mdogo, watu wanajuana mno. Ikwiriri wanafungua zahanati mpya. Nimeandika barua ya maombi, kurasa tatu. Nimeambatanisha majina ya wagonjwa kumi na wawili niliowatunzia siri, na ugonjwa wa kila mmoja pembeni, wasije wakachanganywa. Nakala moja nimeibandika kituo cha mabasi, wenye zahanati nyingine nao wanijue.