Kinyago Kisichovumilia Ukweli

Jumatatu, tarehe 5, Mwezi wa Ukungu

Habari kubwa! Baba Kuhani anang'atuka!

Ametutangazia mchana, kwenye ngazi za chumba chetu cha chini, chini ya duka la mtia rangi nguo. Majirani wanadhani sisi ni kwaya. Sisi ni wafuasi kumi na mmoja wa Kigeugeu, mungu wa hila na uongo, na hakuna hata mmoja anayeweza kuimba. Baba Kuhani amesema magoti yake hayazitaki tena ngazi. Mikono nayo inatetemeka, jambo baya kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kung'oa meno. Wiki iliyopita aling'oa jino zima akaacha bovu. Kwa hiyo Ijumaa atamkabidhi fimbo yule atakayeweka nadhiri ya kupendeza kuliko wote mbele ya kinyago.

Nadhiri zetu ni uongo mtupu, bila shaka. Ndiyo ibada yenyewe. Mbele ya kinyago cha Kigeugeu haruhusiwi mtu kusema kweli, na ukisema, kinyago kinapiga yowe la kutoa nyoka pangoni. Chochote unachoahidi mbele yake hakikufungi. Lakini ole wako uweke nadhiri mahali ambapo kinyago hakipo! Hapo utailipa mpaka kope.

Fimbo ni yangu. Miaka kumi na mitano nimewatengenezea makufuli bure! Mpinzani ni mmoja tu, shemeji yangu mshona viatu, kaka wa mke wangu. Kwao kila kikao ni yeye tu: mwerevu, mcheshi, mwenye mkono mwepesi. Mimi huulizwa kama nimeshiba.

Ijumaa wataniona.

Jumanne, tarehe 6

Nina mpango. Nimeuwaza nikichonga ufunguo kwa tupa, nikacheka peke yangu mpaka mteja akaondoka.

Nitachonga kinyago bandia. Nitakibadilisha na cha kweli. Ijumaa shemeji ataropoka nadhiri yake kubwa mbele ya kipande cha mti, akidhani haimfungi. Kisha mimi nitasimama na kufichua. Atakuwa amefungwa! Atatoa kila alichoahidi, na fimbo itakuja kwa aliyewadanganya wote kwa mpigo. Hakuna atakayegundua mapema, kwa sababu pale hakuna anayethubutu kusema kweli, na cha kweli na cha bandia vyote hunyamaza.

Nimekichonga asubuhi. Jicho moja limekuwa kubwa kidogo, lakini Kigeugeu mwenyewe si mtu wa sura moja. Saa saba, mtia rangi alipolala kidogo kama kawaida yake, nimejifungulia mlango kwa ufunguo wangu, nimebadilisha, nimetoka. Kufuli langu halikulia hata kidogo. Fundi ni fundi.

Kinyago cha kweli nimekificha nyumbani, kwenye sanduku la vifaa. Hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Mke wangu ameingia karakana, akasema nimesahau tena kuchota maji. Yowe! Akasema ameshtuka. Yowe! Akauliza kuna nini sandukuni. Nikamwambia ni bundi wa mteja, namtengenezea kizimba. Kimya kabisa. Akafungua, akatazama, akasema hajawahi kuona bundi mwenye masharubu. Yowe!

Nimekaa naye miaka yote hii, kumbe mwanamke huyu hana hata sentensi moja ya uongo! Nimekifukia kwenye gunia la mkaa.

Jumatano, tarehe 7

Mkaa hausaidii. Mteja amerudi kulalamika kwamba kufuli la wiki jana limefunguka lenyewe. Yowe kutoka jikoni. Nikamjibu kwamba makufuli yangu ni imara kuliko yote mjini. Kimya. Akanitazama, akatazama jikoni, akataka mlango wake utengenezwe na mke wangu. Mke wangu! Ambaye kazi yake ni kushika taa na kunipa vifaa! Ameutengeneza kabla chai haijapoa. Bahati tu.

Adhuhuri wamepita mashujaa wanne wa kukodiwa, wale wanaozunguka miji wakiua majoka na kuvunja mahekalu ya miungu wabaya. Mmoja mbilikimo mwenye shoka, mmoja mchawi mwenye ndevu zilizoungua upande. Wakauliza kama najua lilipo hekalu la Kigeugeu. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nikawaelekeza kwa shemeji! Nikawaambia wavunje mlango kwanza, waulize baadaye.

Jioni nimepita kule kutazama majivu. Ebo! Mashujaa wamekaa barazani wamenyoosha miguu, na shemeji anawapima. Jozi nne za mabuti ya safari! Mchawi alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Shemeji akaniona, akanishukuru kwa wateja, akasema ndugu humletea mtu riziki hata asipokusudia. Hata sikuelewa. Nimerudi na malengelenge miguuni.

Alhamisi, tarehe 8

Nimejikumbusha jambo moja siku nzima: kesho mimi nisiseme kitu. Shemeji aseme, mimi ninyamaze. Nimefanya mazoezi ya kunyamaza tangu asubuhi. Mke wangu ameuliza kama naumwa, maana hajawahi kuona siku tulivu namna hii. Yowe.

Amesema pia, kwa upole, kwamba dhehebu letu ni kijiwe cha waongo wanaofanyishana kazi za bure, na kwamba angefurahi kama ningekuwa naye nyumbani siku za Ijumaa. Kinyago kimelia mpaka gunia likaanguka. Hata mungu hawezi kumvumilia!

Ijumaa, tarehe 9

Kalamu nimeivunja, nimebaki na kipande. Naandika hivyo hivyo.

Tulikutana saa tisa. Wote walikisifu kinyago, wakasema leo Kigeugeu anaonekana mwenye afya. Nilijiuma ulimi nisicheke. Mtia rangi, naye mfuasi mwenzetu, akaahidi kumpaka mungu jua lote rangi ya zambarau. Makofi mepesi. Kisha akasimama shemeji. Akajisafisha koo, akanitazama kwa huruma, akaapa kumtolea Kigeugeu mapenzi yote aliyo nayo kwa shemeji yake.

Chumba kizima kililipuka! Baba Kuhani alifuta machozi kwa koleo la meno. Akaanza kuinua fimbo kumpa.

Sikuweza. Naungama, sikuweza. Masikio yalikuwa yanawaka. Nikaruka katikati, nikaapa kumpa Kigeugeu karakana yangu, na chumba tunachoishi juu yake, na jiliwa la kubania vyuma, na tupa zote, na kitanda ninacholalia, na mikono yangu miwili kwa miaka kumi na mitano. Nikapumua. Nikangoja makofi.

Hakuna. Mtu mmoja alikohoa. Baba Kuhani akasema nadhiri yangu ni ndefu, lakini haichekeshi. Akamkabidhi shemeji fimbo.

Hapo nikapandwa na mori. Nikapiga kelele kwamba shindano ni batili, kwamba kinyago ni bandia, kwamba nimekichonga kwa mikono yangu hii! Hawakuamini. Wakanitaka nithibitishe kwa kusema kweli. Nikatafuta ukweli wowote, ukanijia wa kwanza, nikausema kwa sauti: mke wangu ana akili kunishinda. Kinyago kimya kama gogo. Gogo kweli!

Nikawageukia kwa ushindi. Nikamwambia shemeji nadhiri yake inamfunga. Akasema sawa, hana neno, ameshalipa zamani.

Kisha Baba Kuhani, polepole sana, kama mtu anayeuliza jino lipi linauma, akauliza ni nani mwingine aliyeweka nadhiri mbele ya kipande hiki cha mti.

Wote wakanitazama mimi.

Jumamosi, tarehe 10

Wamekuja asubuhi, wote kumi, na mkokoteni. Shemeji mbele na fimbo yake. Nilijifungia chooni. Kufuli limefunguka lenyewe.

Mke wangu alikuwa anasukuma chapati. Hakupiga kelele. Alifuta mikono, akakitoa kinyago cha kweli kwenye mkaa, akakiweka mezani mbele yao. Akasema karakana hii aliachiwa na marehemu baba yake. Yowe! Vifaa ni vyake. Yowe! Kitanda alikinunua mwenyewe kabla hajaolewa. Yowe! Hakuna aliyeomba kuona hati. Nimejivunia jinsi alivyowapiga chenga, ingawa sijaelewa alitumia hila gani.

Baba Kuhani akakuna kidevu. Akasema basi katika nadhiri yote kimebaki kitu kimoja kilicho mali yangu, nacho ni mikono. Yowe! Nitafagia chumba cha chini, nitalala huko, nitasugua ngazi, miaka kumi na mitano.

Mke wangu alikaa ghafla kwenye gunia. Akaniuliza kama naelewa nilichofanya. Nikamkonyeza, kumwonyesha kwamba yote yamo kwenye mpango.

Yamo, au yatakuwemo.

Jumatatu, tarehe 19

Nimezoea. Rangi inadondoka kutoka juu, nusu ya kichwa changu sasa ni bluu, na unyevu umeingia kifuani. Lakini nani mwingine analala hatua tatu kutoka kwa kinyago cha kweli, walichokirudisha mahali pake? Hakuna! Wapumbavu wameniweka pale pale nilipotaka kuwa.

Asubuhi amekuja shemeji kuhani. Ameketi chini ya kinyago kabisa, akaniwekea mkono begani. Amesema mimi ndiye nguzo ya dhehebu. Amesema mwezi ujao fimbo ni yangu, ila nisimwambie mtu, na nisugue pia mfereji wa nyuma. Kinyago kilitulia kwa heshima muda wote. Nimemwamini. Mtu hawezi kusema uongo akiwa ananitazama machoni namna ile.

Alasiri amekuja mke wangu. Kwanza nilidhani ameleta chakula, lakini ameleta maneno. Ameshuka ngazi zote, amesimama mbele yangu, akashika kile kichwa changu cha bluu kwa mikono miwili. Amesema ameongea na kaka yake siku tatu mfululizo. Yowe! Amekubali kuwatengenezea makufuli yote yeye mwenyewe, ili wao wanifutie nadhiri. Yowe! Kuanzia leo niko huru, nipande tu ngazi. Yowe! Amesema nyumba imekuwa kubwa mno, hali chakula vizuri, na hanicheki tena, anataka tu nirudi.

Hilo la mwisho lilitoa yowe ambalo sijawahi kulisikia. Plasta ilidondoka. Juu, mtia rangi aliangusha pipa.

Basi nikaelewa kila kitu. Mpango wa kunitoa hapa mwezi mmoja kabla ya fimbo! Kaka na dada wamekaa, wamepanga, na mungu mwenyewe amepiga kelele kunionya. Nimemwambia mke wangu wazi, bila kumficha: mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Ameacha blanketi langu la sufu kwenye ngazi ya mwisho, amepanda bila kugeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Mvuke wa rangi, unawasumbua sana wasiouzoea.

Nimemsikia akifunga mlango wa juu kwa ufunguo. Kufuli jipya, kazi ya mikono yake, lina mlio mzito.

Kisha nimefagia chumba mara mbili na kusugua mfereji wote. Kuhani ajaye lazima aonekane mtu wa kazi.