Pipa la Mwisho la Solange

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepima pipa. Vidole vinne vitupu juu! Mbao zinakunywa kuliko kasisi. Nafasi ikibaki, hewa inaingia na divai inageuka siki. Hapa Cahors, kusini mwa Ufaransa, hata mbwa wanalijua hilo. Dawa ni kujazia divai nyingine, na chupa za zamani za mke wangu, Solange, nilizokuwa nikijazia zimekwisha.

Lakini hili ni pipa la Solange. Zabibu alichuma mwenyewe vuli iliyopita, Februari akafa. Nikijazia ya mtu mwingine kila wiki, mwisho wake Solange ataisha humo ndani.

Ferréol, kaka yake, alileta jagi. Akasema, "Jazia hii, shemeji, acha ukaidi." Nikamwambia divai yake awauzie watalii. Aliliacha mlangoni. Nimemwagia kabichi.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimepata! Marehemu baba alikuwa akitumbukiza kokoto za mtoni ndani ya pipa, divai inapanda yenyewe. Lakini mtoni kuna mteremko, na goti langu ni bovu. Shamba letu limejaa mawe meupe ya chokaa. Baridi ya mwaka wa hamsini na sita ilipoua mizabibu yote, babu yake Solange alipanda upya katikati ya mawe hayo hayo, akitoboa mashimo kwa mtaimbo. Divai imezaliwa humo. Itachukiaje mama yake?

Nimeyasugua mawe sitini kwa mswaki. Nimetumbukiza moja moja. Pipa limejaa hadi mdomoni! Nimeweka sikio: inatoa vipovu, inanong'ona. Nadhani imefurahi.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya Marehemu. Makaburini. Ferréol kaleta maua makubwa kuliko yangu. Alipoinama kusali nilihamisha kadi yangu kwenye chungu chake. Aliniona. Akainyoosha kadi yangu vizuri, jambo ambalo ni la kuudhi.

Aliniuliza pipa linaendeleaje. Nikasema limejaa pomoni. Akasema basi Siku ya Mtakatifu Martin, tarehe kumi na moja, atakuja tuionje pamoja. Jioni nilikuta jagi la pili mlangoni. Kabichi tena.

Jumanne, 11 Novemba

Amekuja. Tulikunywa supu, tukabakiza kidogo chini ya bakuli tumimine divai humo, kama Solange alivyopenda.

Divai ya Solange siku zote ilikuwa nyeusi, nzito, inashika meno. Ikiwa changa ni kali kama yeye siku ya kwanza nilipomjua. Ukiivumilia inakuwa laini, na hutaki nyingine. Iliyotoka pipani leo ilikuwa ya buluu iliyofifia. Ladha ya chaki. Hakuna ukali, hakuna chochote.

Ferréol akaweka bakuli chini. Akauliza nimetia nini. Nikamwambia.

"Mawe ya chokaa?" akasema. "Shemeji, chokaa inakula uchachu wote. Baba yako alikuwa anashuka mtoni bure?"

Nikasema yote ni heri kuliko kuchanganya na divai yake yeye. Akasukuma bakuli kando. Kisha akaniambia divai ya kwenye majagi haikuwa yake. Solange alimwachia mtungi mmoja mkubwa, wa zabibu zile zile, wa kujazia pipa lile lile, maana alinijua.

Nikauliza mbona hakusema.

"Nilidhani utaionja," akasema. "Umeishi naye miaka thelathini na minane. Nani angedhani utamwaga kabla ya kuonja?"

Nilimwambia habari za kabichi. Hakucheka. Alilia, mtu mzima, kijiko mkononi. Nami nikalia, na sikumwonea haya.

Alhamisi, 13 Novemba

Ferréol kaleta mtungi wenyewe. Umebaki nusu. Alisema tuumalize leo, mimi na yeye, kabla haujaharibika; Solange hakutengeneza divai ya kutazamwa. Alikuja na mkate na jibini, masikini. Nikamwambia tumbo linauma. Akaenda zake na jibini lake.

Nimeuficha mtungi kwenye kabati la Solange, nyuma ya makoti yake. Ni kweli, nusu yake ni hewa. Lakini nikiinywa hii, hakuna tena kitu duniani alichokitengeneza kwa mikono yake. Kabati lina baridi nzuri. Itakaa.