Naibu Mratibu Azindua Kanisa Kuu la Ustawi na Utiifu

Mheshimiwa Mratibu Mkuu wa Ustawi wa Ibada, ambaye hakuweza kufika lakini gari lake limefika. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wanaokaimu usaidizi. Mtumishi wa Mungu, mchungaji wetu mpya. Wazee wa kanisa, akina mama wa kwaya, wadau wote wa wokovu. Na wewe shangazi yangu mpendwa uliyenilea, uliyeketi hapo mbele na mkoba mapajani: nawasalimu kwa jina la Bwana, na kwa niaba ya serikali. (Makofi.)

Kabla sijakata utepe, itifaki inanitaka nieleze tulikotoka. Ushirika huu ulianzia kwenye karakana ya fundi seremala, yule pale mwenye penseli sikioni. Mabenchi yalikuwa ya mabaki ya mbao, na aliyekaa vibaya aliondoka na kibanzi. Hapakuwa na mpango mkakati, hapakuwa na mastaplani, hapakuwa hata na kitengo cha mawasiliano. Watu walikuwa wanaombeana tu, wanapelekeana uji, na mgonjwa anakeshewa kwa zamu. Mimi mwenyewe, wazazi wangu walipofariki nikaugua, shangazi alinilaza juu ya meza ya kupigia randa, na watu wale wakapokezana kunipepea mpaka homa ikashuka. Nalisema hili ili mwone jinsi huduma zilivyokuwa duni.

Sasa, ndugu zangu, serikali yoyote makini haiwezi kuona watu wanapendana bila usimamizi ikanyamaza. Tulianza kwa kuwaletea kiti. Kiti kimoja, cha ngozi, kikawekwa mbele kwa ajili yangu, na waumini wakajifunza kusimama ninapoingia hata kama wapo katikati ya sala. Baada ya kiti tukawaletea vipaza sauti, na baada ya vipaza sauti, kwa kuwa sauti sasa inafika mbali, ikabidi tujue nini kinasemwa. Huo ndio mnyororo wa thamani. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ni hapo ndipo tulipopata changamoto ndogo na mchungaji wa zamani, ambaye wengi mlimzoea kama Baba Welda kwa sababu alikuwa akichomelea mageti kabla ya kuitwa. Jumapili moja alihubiri habari za mfalme aliyelitamani shamba la jirani yake akamdhulumu. Bahati mbaya wiki hiyohiyo ofisi yangu ilikuwa katika mchakato shirikishi wa kuwahamisha wauza mboga kutoka kiwanja chao. Nikamwita ofisini, nikamwagizia chai, nikamuuliza, "Mchungaji, lile shamba ulilolihubiri liko wapi?" Akanijibu, "Liko kwenye Biblia, mheshimiwa." Nikamwambia, "Basi libaki humohumo." Akaniangalia, akasema, "Halikubali kubaki. Kila nikifunga kitabu, linatoka nje." Mtu wa namna hiyo anahitaji kujengewa uwezo. Tukampeleka mafunzoni, mbali kidogo, na mafunzo yanaendelea. (Mtu anauliza yatakwisha lini.) Yatakwisha atakapoelewa.

Katika nafasi yake tukamleta huyu mtumishi wa sasa, ambaye amethibitisha kitaalamu kwamba umaskini ni utovu wa adabu mbele za Mungu, na kwamba gari lake lile ni ushuhuda wenye magurudumu. Simama kidogo mtumishi wakuone. (Anasimama. Anakaa.) Tathmini inaonyesha kwamba chini yake utiifu umepanda kwa asilimia tisini, na mahudhurio yameshuka kwa asilimia tisini, maana yake takwimu zina uwiano mzuri.

Najua kuna wenye uchungu kuhusu siku tingatinga lilipokuja kubomoa jengo la zamani la mabati. (Minong'ono.) Sikatai. Nilikuwepo, ndani ya gari. Nilimwona shangazi akitoka na vikombe vya meza ya Bwana amevikusanya kwenye gauni lake kama mtu aliyetoka kuchuma matunda, na akapita dirishani pangu bila kunisalimu. Nilifungua kioo. Baadaye nikakifunga. Lakini maendeleo hayana shangazi, na leo nataka aone kwa macho yake kwamba kanisa la mabati limezaa kanisa kuu, lenye minara miwili, vioo vya rangi na maegesho ya viongozi. (Makofi hafifu. Shangazi anasimama.)

Ndiyo, shangazi. Mpeni kipaza sauti. Hataki? Sema tu, nakusikia.

(Shangazi anasema: "Mwanangu, nimelizunguka hilo kanisa lako kutafuta mlango. Mlango uko wapi?")

Ni swali zuri, na linaonyesha mwamko. Shangazi, mlango upo katika awamu ya pili.

(Shangazi anasema: "Nilikuombea uwe mtu mkubwa. Nilikosea maneno." Anachukua mkoba wake, anaondoka. Fundi seremala anamfuata, kisha kwaya.)

Shangazi, kaa kidogo. Kuna soda. Shangazi. (Shangazi hageuki.)

Naona baadhi ya waumini wana majukumu mengine, na serikali inaheshimu uhuru wa kuabudu. Tuendelee. Nikisema ustawi, mnasema utiifu. Ustawi. (Sauti ya dereva: "Utiifu.") Kanisa tiifu. (Sauti ya dereva: "Dola tulivu.") Asante, dereva.

Kwa kumalizia, nawashukuru polisi kwa utulivu huu, na mtumishi wa Mungu kwa kubaki ingawa injini ya gari lake nasikia imeshawashwa. Shukrani za pekee zimwendee mchoraji wetu wa mabango, aliyefanya kazi usiku na mchana kulipaka rangi turubai hili lililo nyuma yangu, na vijana waliolishikilia kwa nguzo tangu asubuhi upepo usilipindue. Vijana, mnaweza kulishusha sasa. Msalaba umebandikwa tu kwa gundi, kwa hiyo ubandueni polepole msije mkachana kitambaa, maana kesho jengo hilihili tunalizindua kama hospitali.