Sindano ya Mbwa, Mtamba wa Mahari

Mambo yangu yaliharibika Alhamisi, tarehe 6 Machi 1997, saa nne asubuhi. Siku hiyo watu wa mradi mmoja walikuja kijijini na gari jeupe, wakachanja mbwa bure. Bure! Tangu wakubwa watuletee hili soko huria, josho la ng'ombe limekauka, dawa ya kupe inauzwa dukani kama manukato. Kusikia bure, nikampeleka mbwa wangu, na mtamba nyuma yake. Nikambembeleza mchanjaji mpaka akamdunga na mtamba.

Jana, miezi mitano baadaye, nipo kwenye benchi la kahawa la Hamimu, Bariadi mjini. Akaja Ndaki, tunayemwita Redio, anahema.

"Wazee, ile sindano ya mbwa kumbe ya kuzuia mimba! Wametangaza!"

Kahawa ikanipalia. Yule mtamba ni wa mahari ya mwanangu Masele, na wakwe wanatoka Mwamapalala Jumamosi kuja kukagua ng'ombe. Tena tangu Machi, dume anamnusa tu, anaenda zake.

"Bwana Josho, cha bure kimekuponza!" Maganga, mwenzangu wa benchi aliyenibandika jina hilo kwa kulilia josho, akacheka, kajishika mbavu.

"Mimi? Lawama kwa wakubwa! Josho lingekuwa na maji, ningepanga foleni na mbwa?"

"Lakini uliuliza dawa ya nini?"

Nikapuliza kahawa. Nyumbani kwetu muulizaji alikuwa marehemu mke wangu Apolonia.

"Wamesema ni salama kabisa," Redio akanipoza.

"Salama kwa nani?"

"Kwa mbwa."

"Kwani mtamba wangu anabweka?"

Hamimu akaacha kusuuza vikombe. "Na mtu akila nyama yake je?"

"Ale Maganga," nikamjibu. "Ana watoto kumi na watatu, ale mpaka mkia."

"Tuseme dawa ikiisha nguvu, si atashika mimba?" Maganga akauliza, safari hii hacheki.

"Kamuulize mchanjaji," akasema Redio.

"Utampata wapi?" nikadakia. "Gari jeupe halijarudi."

"Ngoja kwanza, mzee namhala," Hamimu akaninyooshea kidole. "Na yule mbwa wako?"

"Amezaa juzi. Sita."

Benchi zima likaangua kicheko. Hamimu kamwaga kahawa, Redio yuko chini.

"Basi dozi yote kaondoka nayo mtamba!" akasema Maganga.

Wakatawanyika wanajifuta machozi. Mimi nikabaki na kikombe kilichopoa. Jumamosi mkwe atampapasa yule mtamba tumbo, kisha anigeukie: "Mwenzangu, huyu atazaa lini?"

Nimjibu nini?