Mume Wangu Asiruhusiwe Kuvuka Geti

Ndugu Mkunga Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wauguzi wako wote. Mimi si mgonjwa, ila nina mimba ya miezi minane na ushee, na nimechoka. Ni yule mama mrefu anayekaa kiti cha mwisho karibu na mzani, ambaye mumewe hukaa kiti cha mbele na kunyoosha mkono kabla swali halijaulizwa.

Nakuandikia kuhusu darasa lenu la kuwaandaa akina baba. Sina ugomvi na nia yenu. Lakini kabla hamjamkaribisha mtu darasani, ni vyema mkamuuliza kazi yake. Mume wangu ni mkufunzi wa zimamoto. Ninyi mlimwambia familia iwe tayari muda wowote. Kwa mtu wa kawaida hayo ni mawaidha tu. Kwake ni amri, na tangu siku hiyo mimi si mke tena, mimi ni jengo linalosubiriwa kuwaka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Filimbi. Hupulizwa bila taarifa, nikiwa naoga, nikiwa napiga pasi, na juzi nikiwa ndiyo kwanza nimepata usingizi wa mchana. Ikilia, natakiwa nifike mlangoni nimeshavaa viatu. Miguu yenyewe siioni, viatu nitavionea wapi? Mimi ni mkutubi. Riziki yangu naipata kwa kuwaambia watu wanyamaze, na nyumbani kwangu hakuna anayenyamaza.

2. Begi. Mlisema liandaliwe mapema. Liliandaliwa mimba ikiwa bado siri ya ndani. Lina taulo zetu zote, birika, mashuka mazuri, kopo la sukari na miwani yangu ya kusomea, na ni marufuku kulifungua, kwa sababu likifunguliwa hatuko tayari. Tunajifutia fulana kuukuu. Chai tunakwenda kunywa kwa jirani, fundi cherehani, ambaye ana gari, na kwa kosa hilo ameteuliwa kuwa dereva wa zamu.

3. Kupumua. Mlimfundisha ili anisaidie mimi. Anapumua mwenyewe. Anapumua mezani, anapumua kwenye foleni ya benki, hadi watu wanampisha. Mama mkwe alimwekea mkono kwenye paji la uso akamuuliza, "Mwanangu, umeanza pumu ukubwani?" Badala ya kujibu, akamfundisha na yeye. Sasa wanapumua wawili, na mimi ninayeihitaji hewa kuliko wote nawatazama. Nanyi, badala ya kumkanya, mkamsimamisha mbele ya darasa mkamwita baba wa mfano. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alirudi nyumbani na filimbi ya pili, ya kumpa mama yake.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi ilipulizwa filimbi ya zoezi kuu. Mama mkwe alibeba begi. Fundi aliwasha gari. Mume wangu alisimama katikati ya barabara akazuia magari kwa mikono miwili, kisha akadandia. Walifika kwenu mbio, wakashuka, wakajipanga mbele ya mlinzi wakiwa wamenyooka. Mlinzi akawatazama mmoja mmoja akauliza, "Sasa mjamzito mwenyewe yuko wapi?"

Nilikuwa chooni.

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, lakini mume wangu alirudi akatangaza kwamba zoezi limefaulu isipokuwa kasoro ndogo. Kasoro ndogo ni mimi, Ndugu Mkunga Mkuu, mimi na tumbo hili unalolijua.

5. Ameanza kusema "tutasukuma." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, yeye anataka kuupangia zamu.

Sasa niseme wazi: naogopa. Ni mimba yangu ya kwanza. Naogopa maumivu, naogopa damu, naogopa mtoto atoke asilie. Nyumba nzima imejiandaa, hata fundi cherehani amejiandaa, isipokuwa mimi, kwa maana hakuna aliyetulia akaniuliza moyo wangu ukoje. Na aliyepaswa kuniuliza ana filimbi mdomoni.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, siku yangu ikifika mlinzi amzuie mume wangu asivuke geti, hata akija na gari la maji na ngazi zake. Mkiona hilo ni gumu, basi mlazeni yeye, azae yeye, nami nitakuja kumwona jioni na matunda kama jirani mwema. Pia naomba amri yenu ya maandishi begi lifunguliwe, nipate miwani yangu. Barua hii nimeiandika kwa kukisia mistari.

Nisalimie wauguzi wote, na mfagizi anayenishika mkono nikishuka ngazi. Mama mkwe naye anawasalimu, pumzi zake ni nzuri.

Wako, ambaye subira yake imebaki kidogo kuliko nafasi tumboni,

Mke wa Baba wa Mfano.

Tanbihi: Naandika haya kwenye benchi lenu la mapokezi. Chupa ya uzazi ilipasuka nikiwa nyumbani natia sahihi. Nilimwita mume wangu, akaja, akaona sakafu, akaketi pale pale kwenye maji. Alisahau gari, alisahau fundi, alisahau hata mlango uko upande gani. Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo. Akasema hata yeye, tangu siku ile nilipomwambia nina mimba, na kwamba akikaa bure hofu inamzidi. Tukalia kidogo, kisha mimi nikamwinua, na fundi akatuleta kwenu. Kosa langu ni kumkabidhi muuguzi wenu barua hii. Ni mchapakazi kweli: ameisoma papo hapo, na mlinzi ameshaitwa. Nimemnyang'anya ili niongeze maneno haya. Ombi langu nimelifuta. Nimemshika mume wangu mkono na siuachii. Anayetaka kumtoa nje, atutoe wote watatu.