Ombi la Kusimamisha Meno ya Mjukuu Wangu

Kwa Mheshimiwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya Watoto.

Mheshimiwa Mama,

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda, nikijua kwamba wakati unaisoma barua hii kuna mtoto anayelia juu ya mizani. Mimi ni mgane wa miaka sabini na sita, mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Masista walionisomesha walinifunza kuhesabu hadi mia kabla ya kulalamika. Nimehesabu mara nne, na bado ninalo la kusema.

Miezi mitatu iliyopita mkwe wangu alirudi kazini, nami nikaombwa nije kwa wiki mbili kumwangalia mwanawe, ambaye tunamwita Meneja kwa sababu akigonga meza watu wazima watatu husimama. Tangu hapo, utengenezaji wa rojo lake umekuwa mikononi mwangu. Kila Jumatatu na Alhamisi namenya boga, karoti na viazi vitamu, navipika kwa mvuke ili utamu usikimbilie kwenye maji, naviponda, kisha navipitisha kwenye chujio mara mbili. Mapapai na maparachichi nayaponda siku hiyo hiyo ya kuliwa. Rojo la mboga zilizopikwa nalimimina kwenye trei za barafu, na likishaganda nalifunga kwenye mifuko iliyoandikwa tarehe, uzito na jina la mboga. Sijisifu, Mheshimiwa, lakini katika miezi mitatu hakijapita kipande hata cha ukubwa wa kichwa cha pini.

Jumanne iliyopita, dada anayepima watoto hapo kwako alimwambia mkwe wangu mbele ya benchi zima: "He! Miezi tisa na bado mnamsagia? Mpeni vipande vilivyolainika ashike mwenyewe. Huyo mtoto au mgonjwa?" Benchi likacheka. Tuliporudi nyumbani nikafunga aproni na kuonya kwamba vipande vitamuua mtoto, lakini mkwe wangu akanivua aproni hiyo kwa upole na kuniambia, "Baba, sasa pumzika." Kwa watu wa umri wangu, Mheshimiwa, neno hilo kwa kawaida hufuatwa na "kwa amani."

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naleta malalamiko yafuatayo:

1. Sikushirikishwa. Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi lile lile, nimeshika mfuko wa nepi, na hakuna aliyeniuliza neno.

2. Kipimo kilichotolewa si halali. Dada alisema vipande viwe "kama kidole." Nimevipima vidole vya nyumba hii. Cha mwanangu, ambaye ni fundi umeme, ni kama tango, cha mkwe wangu ni kama njiti, changu kimepinda. Cha Meneja mwenyewe sikuweza kukipima, kwa kuwa kilikuwa ndani ya sikio langu. Ofisini kwetu muuza sukari angepima namna hiyo, tungelifunga duka lake kabla ya saa sita.

3. Meneja ana meno mawili ya chini, na moja la juu linalochungulia. Mimi ninayo kumi na moja, ingawa hakuna hata mawili yanayotazamana. Mbona mimi hakuna aliyeniamuru nitafune? Huu ni ubaguzi, sijui tu kati yetu ni nani anayebaguliwa.

4. Hili naliandika kwa aibu. Ndani ya friza yamebaki matonge arobaini na moja ya rojo. Kwa matonge sita kwa siku, yatakwisha kabla ya Jumatano ijayo, na yakiisha sitakuwa na shughuli tena katika jiko hili. Jana mwanangu aliniuliza, kwa adabu zake zote, "Baba, hutaki kwenda kuiangalia nyumba yako kidogo?" Nyumba yangu naijua, Mheshimiwa. Ina sahani moja nje ya kabati, na redio ninayoiwasha asubuhi ili mtu aseme habari za asubuhi. Tangu mama watoto aondoke, sijawahi kupika kitu ambacho mtu alikifungulia mdomo kabla kijiko hakijafika.

5. Kutokana na hayo, naomba ofisi yako ichukue moja ya hatua hizi. Ama iyaagize meno ya Meneja yasiongezeke mpaka nitakapopewa notisi ya miezi sita, kama mtumishi yeyote. Ama, ikiwa meno hayako chini ya mamlaka yako, irekebishe kadi yake ya kliniki isomeke kuwa ana miezi sita. Si lazima kufuta chochote. Ile 9 mnaweza kuigeuza tu. Kwa miaka thelathini na nne niliwaandikia ripoti kali wafanyabiashara waliogeuza namba namna hiyo, na leo ndiyo kwanza ninawaelewa.

6. Ikiwa yote mawili yatashindikana, basi mniandikishe mimi kliniki. Nipo tayari kupimwa uzito hadharani.

Nifikishie salamu kwa dada wa mizani, ambaye simchukii. Kwa mlinzi wa getini. Kwa akina mama wa benchi, hata waliocheka. Na kwa yule mtoto aliyenitapikia koti siku ya chanjo, nikiamini anaendelea vizuri.

Ni mimi, mwenye heshima zote na madoa ya boga,
Babu wa Meneja.

Tanbihi: Nilikuwa nikitafuta bahasha. Meneja alikuwa kitini kando yangu, na kwenye sahani yangu ya mchana kulikuwa na karoti iliyochemshwa ikalainika. Nilipogeuka, alikuwa ameichukua. Nikasimama nyuma yake, mkono tayari kumpiga mgongoni akipaliwa. Akaitafuna, akaimeza, akacheka. Nikamkatia nyingine. Ya tatu akanitia mimi mdomoni kwa nguvu, nami nikaitafuna kwa zamu upande huu na upande ule. Mkwe wangu akatukuta hivyo. "Baba! Si ulisema vipande vitamuua?" Nikamjibu kwamba huu ni ukaguzi. Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi endelea kumkagua. Ukiondoka, nani atakaa naye akijifunza kula? Sisi tutakurudisha wiki hiyo hiyo."

Kwa hiyo naliondoa ombi langu lote, kuanzia la kwanza hadi la sita. Barua naituma kwa sababu stempu nimeshaibandika. Nina swali moja tu la haraka: baada ya karoti, anaanza nini? Tuko mezani wawili, tunasubiri jibu lako.